Kuhamisha The Sims 4 kwenda kompyuta mpya bila kupoteza familia zako: mwongozo kamili

Kilio ni kilekile kila mara. Mtu amepata kompyuta mpya, amepakua The Sims 4, ameingia kwenye akaunti yake, na vifurushi vyote vya nyongeza alivyonunua vipo. Anafungua gemu, hakuna familia hata moja. Mwingine familia anaziona, ila wasichana wote wametoka vipara na nyumba zimebaki kuta tupu.

Wa kwanza alidhani akaunti inabeba kila kitu. Wa pili alinakili nusu ya faili zake. Akaunti inabeba gemu na vifurushi, basi. Familia, nyumba, picha, nywele ulizopakua na kila ulichojenga kwa miaka vimo kwenye folda moja ndani ya Documents, na usipovihamisha mwenyewe vitabaki hukohuko. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachowaangusha watu ni kuruka hatua au kuzigeuza, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio wake.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta ya zamani na mpya. Kama ya zamani imeshakufa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu yake karibu na mwisho, kisha urudi hatua ya 3.
- Diski ya nje au flashi kubwa, yenye nafasi angalau mara mbili ya ukubwa wa folda yako. Ukihama kati ya Windows na Mac, iandae kwa mfumo wa exFAT. Mac inasoma diski ya NTFS lakini kwa kawaida haiandiki juu yake, na FAT32 inakataa faili yoyote moja inayozidi GB 4.
- Akaunti ileile ya EA, na ya Steam kama ulinunua huko. Ukifungua akaunti mpya, vifurushi vyako havitakufuata.
- Intaneti ya kutosha kupakua gemu upya. Usihangaike kunakili gemu lenyewe kutoka Program Files.
- Faili tupu ya maandishi, au karatasi na kalamu. Watu huruka hii, halafu baadaye hawakumbuki mchezo upi ulikuwa wa familia ipi.

## Kilichomo ndani ya folda yako

Ukishaelewa folda hizi, hatua zilizobaki zitajieleza zenyewe.

saves ndiyo yenye michezo uliyohifadhi. Kila mchezo ni faili yenye jina kama `Slot_00000002.save`. Pembeni yake kuna faili kama `Slot_00000002.save.ver0`, `.ver1` hadi `.ver4`. Hizo ni nakala ambazo gemu hujiwekea lenyewe kila unapohifadhi upya.

Tray ni maktaba yako: familia, nyumba na vyumba ulivyoviweka kwenye My Library. Familia moja huundwa na faili kadhaa zenye majina marefu ya namba na viendelezi kama `.trayitem`, `.householdbinary`, `.hhi` na `.sgi`. Nyumba ina `.trayitem`, `.blueprint` na `.bpi`. Ikikosekana moja, familia au nyumba hiyo inaweza isionekane kabisa.

Mods ina vitu vilivyotengenezwa na wachezaji wengine. Faili za `.package` mara nyingi ni nguo, nywele na samani, yaani CC (custom content). Zile za `.ts4script` ni modi za skripti, zinazobadilisha jinsi gemu linavyofanya kazi.

Screenshots, Recorded Videos na Custom Music zinajieleza kwa majina yake.

Vilivyobaki, kama `Options.ini`, `localthumbcache.package`, `lastException.txt` na folda zenye neno cache, ni mipangilio ya kompyuta husika, kumbukumbu za muda na taarifa za hitilafu. Hivyo haviendi kokote. Kompyuta mpya itajitengenezea vyake.

## Hatua ya 1: Hakikisha folda uliyoshika ndiyo yenyewe

Kwenye Windows na Mac njia ni moja: Documents, kisha Electronic Arts, kisha The Sims 4. Inaonekana rahisi, na ndiyo maana wengi wananaswa hapa.

Mtego wa kwanza ni OneDrive. Kompyuta nyingi za Windows huhamishia Documents ndani ya OneDrive bila mwenyewe kutambua, hivyo folda inakaa kwenye `C:\Users\jina lako\OneDrive\Documents\Electronic Arts\The Sims 4`. Unaweza kuwa na mbili, moja hai na nyingine iliyoachwa zamani. Kwenye Mac jambo hilohilo hutokea pale iCloud Drive inapokuwa imewashwa kwa ajili ya Documents.

Mtego wa pili ni lugha. Gemu lililosakinishwa kwa Kifaransa hutengeneza folda iitwayo Les Sims 4, la Kijerumani ni Die Sims 4, la Kihispania ni Los Sims 4. Ukisakinisha kwa Kiingereza kwenye kompyuta mpya halafu ukabandika folda ya Les Sims 4, gemu litaipita kana kwamba haipo.

Kujua iliyo hai, fungua gemu, hifadhi mchezo wowote, kisha tazama saa ya faili zilizomo kwenye saves. Yenye faili ya dakika hii ndiyo yako.

Umefanikiwa ukiona: faili ya `.save` yenye tarehe na saa ya sasa hivi, na Tray isiyo tupu.

Tahadhari: kama folda imo ndani ya OneDrive, bofya folda ya The Sims 4 kwa kitufe cha kulia na uchague Always keep on this device, kisha subiri alama za wingu kwenye faili ziishe. Faili yenye alama ya wingu iko mtandaoni tu. Hapo kwenye kompyuta umeachiwa jina lake.

## Hatua ya 2: Sasisha, hifadhi, andika

Sasisha gemu kwenye kompyuta ya zamani mpaka toleo la mwisho. Mchezo uliohifadhiwa kwenye toleo jipya haufunguki kwenye toleo la zamani, na ni vizuri pande zote mbili ziwe sawa. Namba ya toleo utaiona ndani ya `GameVersion.txt`.

Kisha fungua kila mchezo unaoujali na uuhifadhi kwa Save As, kwa jina linaloeleweka: jina la ukoo na neno KUHAMA linatosha. Kila ukimaliza mmoja, toka upunguze dirisha, angalia ni faili ipi ya Slot imepata saa mpya, na uandike: "Slot_0000000a, ukoo wa fulani." Hiyo `a` si kosa. Namba hizi ni za mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo baada ya 9 inakuja a, b, c, mpaka f.

Andika pia orodha ya vifurushi ulivyonavyo. Ukifungua mchezo kwenye kompyuta ambayo kifurushi fulani hakijasakinishwa, vitu vyake huondolewa kwenye nyumba. Ukihifadhi hapo, havirudi hata ukisakinisha kifurushi kesho yake.

Funga gemu kabisa. Kunakili saves wakati gemu liko wazi ni kutafuta faili iliyokatika katikati.

## Hatua ya 3: Nakala kamili kabla ya kugusa chochote

Nakili folda yote ya The Sims 4, kama ilivyo, pamoja na uchafu wake, kwenda diski ya nje. Ipe jina lisilo na utata: NAKALA KAMILI USIGUSE. Kuanzia sasa hufuti wala kubadili chochote ndani yake.

Kwa nini kabla ya kupanga? Kwa sababu kupanga ni kufuta, na mkono unaofuta hukosea. Ukiwa na nakala hii, kila kosa la hatua zinazofuata lina dawa.

Sasa hakikisha. Bofya folda ya asili kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, soma idadi ya faili na ukubwa. Fanya hivyo kwa nakala. Soma mstari wa Size, si Size on disk. Huo wa pili hutofautiana kutoka diski moja hadi nyingine hata kama faili ni zilezile, na umewatia watu hofu bure. Ukilinganisha Windows na Mac, tazama idadi ya baiti yenyewe, ile namba ndefu, kwa kuwa mifumo hiyo miwili haihesabu gigabaiti kwa namna moja.

Umefanikiwa ukiona: idadi ya faili na idadi ya baiti zinalingana pande zote mbili.

## Hatua ya 4: Panga saves

Rudi kwenye folda ya asili kwenye kompyuta ya zamani. Sasa unaweza kupunguza.

Michezo usiyoihitaji ifute kutoka ndani ya gemu, kwenye menyu ya kupakia, ambako unaona jina na picha ya familia. Kufuta kwa kukisia namba za Slot ndiyo njia fupi ya kupoteza ukoo wa vizazi nane.

Faili za `.ver0` hadi `.ver4` usizifute kwa ajili ya nafasi. Mchezo mmoja ni makumi ya megabaiti, na nakala hizo ndizo zitakazokuokoa faili kuu ikiharibika.

## Hatua ya 5: Panga Mods

Hapa ndipo kwenye kazi. Kuhamisha Mods bila kuipanga ni kuhamia nyumba mpya na takataka za nyumba ya zamani, na takataka za Mods zina tabia ya kuvunja gemu zima.

Jua kanuni ya kina cha folda. Faili za `.package` zinasomwa hata zikiwa ndani ya folda tano zilizopandana. Faili za `.ts4script` zinasomwa zikiwa ndani ya Mods yenyewe au folda moja tu chini yake. Chukua MC Command Center (MCCC), modi ya skripti: `Mods\MCCC\` ni sawa, lakini `Mods\Skripti\MCCC\` inaua modi kimyakimya. Gemu halitakuambia kitu. Modi haitafanya kazi, basi, nawe utailaumu kompyuta mpya.

Mpangilio ninaoupenda mimi ni huu: kila modi ya skripti ipate folda yake moja kwa moja chini ya Mods, ikiwa na faili zake zote za `.package` na `.ts4script` pamoja. CC yote iingie kwenye folda moja iitwayo CC, na ndani yake Nywele, Nguo, Viatu, Samani, na kadhalika. Wapo wanaopanga kwa jina la mtengenezaji. Inasaidia ukitaka kusasisha, ila ukitafuta sketi moja iliyoharibika utazunguka folda zote.

Safisha. Kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya folda ya Mods, tafuta kimoja baada ya kingine:

- `*.zip` na `*.rar`: faili iliyobanwa ambayo haijafunguliwa haionekani kwenye gemu kama CC. Ifungue au ifute.
- `*Copy*` na `*(1)*`: hizi ni faili ulizopakua mara mbili. Linganisha tarehe, bakiza mpya. Modi ya skripti iliyopo mara mbili katika matoleo mawili ni chanzo kikubwa cha hitilafu.
- `*.jpg`, `*.png`, `*.txt`: picha za maonyesho na maelezo ya watengenezaji. Hazidhuru, zinajaza tu.

Usifungue faili ya .ts4script. Kwa ndani imefungashwa kama zip, na baadhi ya programu za kufungua zip zitakushawishi kuifungua. Iache nzima. Ukiifungua na kubandika vilivyomo, modi imekufa.

Angalia urefu wa majina. Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia `C:\` hadi kiendelezi. CC hupenda majina marefu, na ukiongeza OneDrive pamoja na folda tatu za ndani unakigusa kikomo. Dalili yake ni faili kadhaa kugoma kunakiliwa huku nyingine zikipita. Fupisha majina ya folda.

Orodhesha modi za skripti. Andika jina la kila moja. Zile utazipakua upya kutoka kwa watengenezaji wake, kwa sababu ndizo zinazovunjika gemu likisasishwa, pamoja na modi zinazogusa vitufe na madirisha ya skrini. Nguo na samani huvumilia masasisho kwa muda mrefu zaidi. Kitu kimoja cha kubeba kutoka kwenye modi za zamani ni mipangilio yako: MC Command Center, kwa mfano, huiweka kwenye faili ya `mc_settings.cfg` ndani ya folda yake. Inakili pembeni, la sivyo utaanza upya kurekebisha kila kitu.

Je, uunganishe CC yote kuwa faili chache kubwa kwa programu ya Sims 4 Studio ili gemu lifunguke haraka? Si leo. Faili iliyounganishwa ikiwa na kitu kibovu ndani yake, kukitafuta ni adhabu. Hama kwanza.

Umefanikiwa ukiona: hakuna zip, hakuna nakala mbilimbili, na hakuna `.ts4script` iliyozikwa chini ya folda mbili.

## Hatua ya 6: Tray na folda ndogo

Tray usiichambue kwa mkono. Majina ya faili zake ni namba tupu, na kuondoa moja ni kuvunja familia nzima. Unachotaka kuondoa, kiondoe ndani ya gemu kupitia My Library. Folda ihamishwe nzima.

Sasa kwenye diski ya nje tengeneza folda ya pili, iite KUHAMISHA, na uweke humo saves, Tray, Mods, Screenshots, Recorded Videos na Custom Music zilizopangwa.

Ukituma kupitia hifadhi ya mtandaoni badala ya diski, fungasha kila folda kuwa zip yake kwanza. Maelfu ya faili ndogo zikipandishwa mojamoja, chache huachwa njiani na hutajua ni zipi.

## Hatua ya 7: Fungua gemu tupu kwenye kompyuta mpya

Kama ni Windows, kabla ya kusakinisha ingia kwenye mipangilio ya OneDrive na uzime uhifadhi wa Documents. Ukizima baadaye, faili zinaweza kubaki ndani ya OneDrive huku Documents ikionekana tupu, na hofu ianze upya.

Sakinisha gemu kwa lugha ileile uliyokuwa nayo, sakinisha vifurushi vyote vilivyomo kwenye orodha yako, sasisha. Kisha lifungue bila kubandika kitu chochote. Tengeneza mtu mmoja wa ovyo, mweke kwenye nyumba, hifadhi, funga.

Hatua hii inaonekana kama kupoteza muda, lakini ndiyo inayotengeneza folda ya The Sims 4 mahali pake halisi, pamoja na `Options.ini` inayolingana na skrini na kadi ya picha ya kompyuta hii. Anayebandika folda nzima ya zamani huleta na mipangilio ya skrini ya zamani. Halafu gemu linafunguka na dirisha lisiloenea, au haliwaki kabisa.

Kwenye Mac, gemu likiomba ruhusa ya kufikia folda ya Documents, kubali. Ukikataa halitaziona faili zako hata ukizibandika sawasawa. Ruhusa hiyo utairekebisha kwenye System Settings, Privacy & Security, Files and Folders.

Umefanikiwa ukiona: folda mpya ya The Sims 4 ndani ya Documents, yenye saves, Tray na Mods, na `Resource.cfg` ndani ya Mods. Faili hiyo ndogo ndiyo inayoliambia gemu lisome folda za ndani kwa kina gani. Iache ilipo.

## Hatua ya 8: Hamisha saves na Tray, bila Mods

Futa mchezo wa yule mtu wa ovyo kutoka ndani ya gemu, funga gemu, kisha nakili yaliyomo ndani ya saves na Tray kutoka KUHAMISHA. Nakili, usikate. Windows ikiuliza kama ibadilishe faili zenye jina moja, simama: ina maana faili ya majaribio bado ipo. Iondoe, uanze tena.

Fungua gemu. Linganisha orodha ya michezo na ulichoandika hatua ya 2. Pakia mmoja. Watu wenye nywele za CC watakuwa vipara au na nywele nyingine, na samani za CC hazitakuwepo. Ni sawa, kwa sababu Mods bado haijaja. Unachotaka kujua hapa ni kimoja tu: je, mchezo wenyewe ni mzima?

Tahadhari kubwa: usihifadhi. Toka bila kuhifadhi. Ukihifadhi sasa, nyumba zitabaki bila vitu hivyo hata Mods ikirudi. Ukiwa na shaka kama ulihifadhi kwa bahati mbaya, futa saves za hapa na uzinakili upya kutoka kwenye diski.

Ukifungua My Library na usione familia ulizotengeneza kwa CC, fungua Advanced kwenye vichujio na uweke alama kwenye Include Custom Content.

Kama umetoka Mac kwenda Windows, utakuta faili ndogondogo zinazoanza na nukta na mstari, mfano `._Slot_00000002.save`. Mac huziacha kwenye diski za exFAT. Si michezo yako wala si CC. Tafuta `._*` kwenye kila folda, hakiki kuwa zote zinaanza hivyo, uzifute.

## Hatua ya 9: Rudisha Mods kwa awamu mbili

Kwanza CC pekee. Bandika folda ya CC ndani ya Mods, fungua gemu, nenda Game Options, kisha Other, weka alama kwenye Enable Custom Content and Mods. Funga gemu na ulifungue tena, kwani mpangilio huu haufanyi kazi mpaka gemu lianze upya. Pakia ukoo wako. Nywele na samani zirudi.

Pili, skripti. Pakua matoleo mapya ya modi ulizoorodhesha, kila moja kwenye folda yake, rudisha `mc_settings.cfg` mahali pake, na uweke alama kwenye Script Mods Allowed hapohapo kwenye Other. Anza upya.

Awamu mbili zina faida moja kubwa: kitu kikiharibika, unajua kimetoka upande upi.

Kumbuka: kila gemu linaposasishwa, alama hizo mbili hujiondoa zenyewe. Siku ukiamka ukakuta vipara kila mahali, anzia hapo kabla ya kulia.

## Hatua ya 10: Hifadhi kwa jina jipya

Tembea kidogo: badili mtaa, fungua nyumba mbili tatu, ingia Create a Sim, ingia Build Mode. Ukiridhika, sasa hifadhi, tena kwa Save As na jina jipya, si juu ya faili uliyoleta. Cheza siku kadhaa kwenye faili hiyo mpya huku ya zamani imekaa.

Hapo unaweza kurudisha Screenshots, Recorded Videos na Custom Music. Hizo hazina mitego.

## Ukikwama

Gemu linakwama kwenye skrini ya kupakia. Hamisha folda ya Mods kwenda Desktop, futa `localthumbcache.package`, jaribu tena. Likifunguka, tatizo ni modi. Rudisha nusu ya Mods, jaribu, na uendelee kugawa nusu yenye tatizo mpaka ubaki na faili moja. Anza na skripti.

Mchezo mmoja haufunguki, mingine inafunguka. Kwenye menyu ya kupakia tumia kitufe cha kurejesha nakala za awali. Kisipokusaidia, washa uonyeshaji wa viendelezi vya faili, nakili `.ver0` ya mchezo huo pembeni, uipe namba ya Slot isiyotumika, mfano `Slot_00000050.save`, na uirudishe ndani ya saves. Hakikisha jina linaishia na `.save` tu. Isipofaa, `.ver1`, na kuendelea kurudi nyuma.

Alama za kuuliza juu ya mwili au samani. Kuna CC yenye sehemu mbili na umehamisha moja. Ilinganishe na NAKALA KAMILI.

Michezo ya PlayStation au Xbox. Haihamishiki kwenda kompyuta. Unachoweza ni kupandisha familia na nyumba kwenye Gallery, maktaba ya mtandaoni ya gemu, na kuzishusha upande wa pili, lakini historia ya ulimwengu wako mzima haiji nazo.

## Kompyuta ya zamani imekufa

Mara nyingi kinachokufa ni ubao au skrini, na diski bado ni nzima. Itolewe, iwekwe kwenye kasha la USB, ichomekwe kwenye kompyuta mpya. Faili zako ziko kwenye Users, jina lako la zamani, Documents, au ndani ya OneDrive hapohapo. Windows ikisema huna ruhusa, bofya Continue usubiri. Ikidai ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli ya Windows kwenye diski, utafute kwenye akaunti ya Microsoft iliyokuwa ikitumika kwenye ile kompyuta. Bila ufunguo huo diski haisomeki.

Ukishaipata folda, anza na hatua ya 3. Sasisho la mwisho na majina ya KUHAMA huwezi tena, ila gemu jipya litafungua michezo ya toleo la zamani.

## Kabla ya kuifuta kompyuta ya zamani

Windows 10 iliachwa bila msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wanataka kuiuza au kuigawa ile ya zamani haraka. Subiri mpaka umepakia kila mchezo uliouandika hatua ya 2, si ule unaoupenda tu. Kisha ondoka kwenye akaunti ya EA na ya OneDrive au iCloud kabla ya kufuta chochote, maana ukifuta folda inayosawazishwa mtandaoni, inaweza kufutika na huko mtandaoni. NAKALA KAMILI ibaki kwenye diski ya nje. Na folda mpya ya saves uinakili juu ya diski hiyohiyo kila kabla ya sasisho kubwa la gemu, kwenye folda yenye tarehe, bila kufuta iliyotangulia.